Mbao Mbili za Sayo

Wavulana wawili wa darasa la tatu walikuwa wakigombania kifutio. Ugomvi wenyewe ulikuwa haujaiva. Mmoja alikuwa amekikumbatia kifutio kifuani, mwingine amemkamata kiwiko, na neno baya lilikuwa njiani kutoka. Halikufika. Sakafu ilitoa mlio mdogo, kama mtu anayeshusha pumzi, na katikati yao ukainuka ukuta mweupe. Uliwapita magoti, ukawapita mabega, ukawapita vichwa, yote hayo kwa sekunde nne. Mwenye kifutio akabaki upande wake na mali yake, na mwenye hasira akabaki upande wa pili hana wa kumkasirikia.

"Hivyo tu," alisema Mwalimu Kuramochi, mzee aliyelisanifu jengo hilo la shule. "Hakuna mwalimu aliyepaza sauti. Hakuna mtoto aliyelia."

Aliyekuwa akiambiwa hayo ni mhandisi Sikudhani Shemweta. Alikuwa amesafiri kutoka Dodoma kwa ajili ya ukuta huo, na tangu asubuhi alikuwa ameonyeshwa mara tisa. Mara ya kwanza alishangaa, na mara ya pili akapendezwa. Kufikia ya tisa alikuwa akitamani kumwona mtoto mmoja, popote katika jengo lile, akipigwa kofi la haki.

Shule yenyewe ilikuwa nzuri, hilo lazima lisemwe, maana uzuri wake ndio uliowapumbaza watu wengi. Ilijengwa katika mji wa Shiosawa, mji mpya huko Japani uliopanda juu ya vilima baada ya bahari kumeza ule wa zamani. Haikuwa na korido. Madarasa yote sita yalikaa chini ya paa moja kubwa la mbao, na jua liliingilia kwenye madirisha yaliyowekwa chini kabisa, usawa wa macho ya mtoto wa miaka saba, hivyo mtu mzima aliyetaka kuiona bustani ilimbidi ainame. Mlangoni palikuwa na rafu ndefu ya viatu. Kila aingiaye aliacha vya nje na kuvaa vya ndani, kama Wajapani walivyofanya shuleni tangu enzi za mababu zao. Sakafu ilikuwa ya mwerezi mtupu, bila rangi wala vanishi, na chini yake zililala kuta sikivu mia tatu na kumi.

Kuta hizo zilitengenezwa kwa karatasi iliyofumwa na nyuzi za madini, laini kama kitambaa zikilala na ngumu kama ubao zikipitishiwa umeme. Zilipata habari kutoka kwenye viatu. Katika soli ya kila kiatu cha ndani mlikuwa na kihisio kilichosoma mapigo ya moyo kupitia unyayo, na akili unde ya jengo ilisoma mioyo yote kwa pamoja. Mioyo miwili iliyokaribiana ikianza kwenda mbio huku miguu haikimbii, ukuta ulipanda kati yao. Shule nzima ilifuata kanuni hiyo moja. Iliitwa kanuni ya mapigo, na aliyeiandika, miaka minane nyuma, akiwa mwanafunzi wa Kuramochi aliyebanwa na tarehe ya mwisho, alikuwa Sikudhani mwenyewe.

"Miaka mitatu sasa," alisema Kuramochi, "idadi ya ugomvi ni sifuri. Nyumbani kwenu mnao ugomvi kiasi gani, Shemweta-san?"

"Wa kututosha, Mwalimu."

"Basi utie sahihi, upunguze."

Alisema hivyo akitabasamu, na tabasamu lake Sikudhani alilifahamu tangu ujanani. Lilikuwa la mtu anayekuvisha kilemba cha ukoka huku akikupimia kichwa. Mzee huyu alimfundisha kuchora, akamfundisha kuupenda mwanga, na kisha akachukua kazi ya mwanafunzi wake na kuiita yake mwenyewe kwenye mikutano kumi na miwili. Sahihi aliyoitaka ilikuwa kwenye hati ya shule kumi na mbili za mkoa wa Tanga, zote zijengwe kwa mchoro huu huu. Wizara ilikuwa imekwisha kukubali. Kilichobaki kilikuwa neno la mhandisi aliyeliona jengo likifanya kazi, na ndege yake ilikuwa ya jioni hiyo.

"Nitaitazama sakafu kwanza," alisema.

Kuramochi alicheka kidogo. "Sakafu haina mtambo. Ni mbao."

"Ndiyo maana nataka kuitazama."

Nyuma yao alisimama mkuu wa shule, Bi Onodera, mwanamke mwembamba ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema zaidi ya "karibuni" na "hapa pana ngazi". Aliposikia neno sakafu aliinua macho, kisha akayashusha haraka. Sikudhani aliliona hilo na akaliweka akilini.

Alipiga magoti mbele ya dirisha, akalaza shavu karibu na ubao. Baba yake alikuwa seremala wa Lushoto, na alimlea akimwambia atazame mbao kwa ubavu, dhidi ya mwanga, kwa kuwa ukizitazama kwa juu hazikwambii kitu. Mwerezi ni laini. Unashika kila kinachoupitia. Na katika shule za Kijapani kila mtu anajua nani anausugua: baada ya chakula cha mchana watoto wenyewe husafisha shule yao, hakuna kibarua. Hushika matambara waliyoshonewa nyumbani, huinama, mikono miwili juu ya tambara na makalio juu, kisha hukimbia hivyo hivyo kutoka ukuta hadi ukuta, bega kwa bega. Kuramochi alikataa vanishi kwa sababu hiyo. Aliwahi kuandika kwamba sakafu ya shule ing'arishwe na viganja vya watoto, na maneno hayo yalichongwa kwenye jiwe la lango.

Sakafu iling'aa kweli. Kutoka upande wa ubao wa kuandikia hadi karibu na dirisha la kaskazini, mng'ao ulikuwa mpana na laini, kazi ya mamia ya viganja. Halafu ukakatika. Palikuwa na ukanda uliofifia, upana wa hatua moja, ambao hakuna mtu aliyeusugua kwa muda mrefu. Na ng'ambo ya ukanda huo, kwenye pembe, palikuwa na mbao mbili tu zilizong'aa kuliko zote. Ziling'aa mpaka zikalika katikati. Mng'ao wake ulikuwa mfupi, wa hatua saba, ukaishia pale pale kabla ya ukanda.

Sikudhani alipitisha kidole. Kwenye mbao zile kulikuwa na bonde dogo, na bonde hilo lilikuwa na upana wa mikono ya mtoto mmoja.

"Nani anasafisha hapa?" aliuliza.

"Watoto," alisema Kuramochi.

"Nimeuliza nani."

Bi Onodera alikohoa. "Sayo Nukaga," alisema. "Wa darasa la nne."

"Peke yake?"

"Jengo humpangia."

"Tangu lini?"

Kuramochi aliingilia kati kabla jibu halijatoka. Alisema jengo lina sababu zake, kwamba mtoto huyo ana alama za utulivu za juu kuliko wote, na kwamba mama yake alipouliza, mara mbili, alipewa taarifa yenye alama hizo na akashukuru. Alisema yote hayo kwa sauti ya mtu anayefunga droo. Sikudhani alibaki amepiga magoti, kidole chake kikiwa bado ndani ya bonde lile.

Muziki wa usafi ukalia. Watoto wakamiminika na matambara yao, wakajipanga, wakainama. Mstari wa watoto ishirini ulishuka sakafuni kwa kishindo cha nyayo, ukaja mbio, ukasimama wote kwa pamoja mbele ya ukuta mrefu uliokuwa umeinuka kwenye ule ukanda uliofifia. Wakageuka, wakarudi. Hakuna aliyeugusa wala kuutazama.

Sikudhani aliuzunguka ukuta kwa upande wa dirisha. Nyuma yake, kwenye pembe, msichana wa miaka kumi alikuwa akisugua mbao zake mbili. Alikuwa mdogo wa umbo, nywele zimekatwa hovyo usawa wa masikio, na alipomwona mgeni hakusimama kuinama kama wenzake walivyofanya tangu asubuhi. Alimtazama viatu.

"Umevaa vya wageni," alisema. "Hivyo vina kipele chini. Utachechemea hadi jioni."

"Nimeshaanza," alisema Sikudhani.

"Ukikanyaga kwa kisigino si vibaya sana. Mkaguzi aliyekuja mwezi wa nne alitembea hivi." Akasimama, akavuta tumbo mbele, akatembea hatua nne kwa visigino, mikono nyuma na pua juu. Kisha akaugeukia ukuta, akauinamia kwa adabu nyingi na kuuambia, kwa sauti nzito ya mzee mwenye mafua, "Kazi nzuri sana, naomba nijue jina la mama yako."

Sikudhani alicheka. Hakukusudia. Kicheko kilimtoka kizima kizima, cha kwao, cha kuinamia magoti, na kilikuwa bado mdomoni mwake sakafu iliposhusha pumzi. Kati yake na mtoto ukainuka ukuta mweupe, ukampita magoti, ukampita mabega. Jambo la mwisho aliloliona lilikuwa uso wa Sayo, ambao haukuwa na mshangao wowote. Mtoto alikuwa amekwisha kuokota tambara lake.

"Samahani," ilisema sauti yake kutoka ng'ambo. "Ni mimi. Huwa hivyo."

Sikudhani alisimama mbele ya ukuta, mkono kifuani. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio, na ulikuwa ukienda mbio kwa sababu alikuwa amefurahi. Ikabidi akumbuke alichokuwa amejitahidi kwa miaka minane kutokukumbuka. Kanuni ya mapigo ilifundishwa kwa kupima mioyo ya watoto arobaini walioletwa maabara kwa siku mbili. Walimu wao waliwaonya njiani wasije wakawaaibisha mbele ya maprofesa, na watoto wakatii, kama watoto wa huko wanavyotii mbele ya wageni. Walikaa wima. Waligombana walipoambiwa wagombane. Hakuna aliyecheka kwa siku mbili nzima, na Sikudhani aliandika kwenye ripoti yake kwamba ushirikiano wao ulikuwa wa kupigiwa mfano. Jengo lilijifunza kwamba moyo wa mtoto huenda mbio kwa sababu moja tu.

Ukuta uliposhuka alimkuta Sayo akisugua kwa bidii.

"Unawachekesha wenzako?" aliuliza, sauti yake ikiwa chini ili asimpandishie ukuta mwingine.

"Zamani," alisema Sayo. "Darasa la kwanza walikuwa wanapenda. Nikifanya sauti ya mkuu wa shule walikuwa wanaanguka kabisa chini. Halafu kuta zikawa zinakuja. Halafu wakasema tukikaa na wewe, kuta zinakuja." Alikunja tambara upande mkavu. "Siku hizi nafanya kimoyomoyo."

Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayekuelekeza kilipo choo. Sikudhani angependa alie. Kilio angejua la kufanya nacho.

Alirudi kwa Kuramochi na kumwambia afungue kumbukumbu za jengo. Mzee alikataa. Bi Onodera, bila kuombwa, akainua kishikwambi chake na kuzisoma kwa sauti. Sayo Nukaga alikuwa ametenganishwa na wenzake mara elfu mbili mia tisa na kumi na nne katika miaka mitatu. Kwenye kila tukio sababu ilikuwa ile ile, kuzuia msukosuko. Mwaka wa kwanza zilikuwa mara nyingi, wa pili zikapungua, na mwaka huu zilikuwa chache sana.

"Umeona?" alisema Kuramochi. "Zinapungua. Jengo linafanya kazi."

"Zinapungua kwa sababu hakuna tena anayemkaribia," alisema Sikudhani. "Mwalimu, tulikosea. Mimi nilikosea. Moyo wa anayecheka na moyo wa anayegombana, kwa kanuni yangu, ni kitu kimoja. Mmemfungia mtoto kwa kosa la kuchekesha."

"Hakuna aliyefungiwa. Hapa hakuna mlango hata mmoja wenye kufuli."

"Alikuwa na miaka saba."

"Kuna watoto mia moja na themanini katika shule hii ambao hawajawahi kupigwa wala kutukanwa," alisema Kuramochi, na sasa tabasamu lilikuwa limemtoka. "Mimi nilipokuwa na umri wao nilikunywa maji ya ndoo ya kudekia kila Ijumaa, nikiwa nimeshikwa mikono na wanne, na mwalimu akiwa mlango wa pili. Usije hapa na kicheko chako kunifundisha shule ni nini. Mmoja mwenye upweke nitambadilisha na mia moja na themanini wenye amani, kila siku, na nitalala usingizi."

Sikudhani alimtazama. Hakuwa amewahi kusikia habari za ndoo hiyo, na kwa kitambo kidogo alimwona mtoto yule ndani ya mzee huyu, akamwonea huruma. Lakini huruma haikumzuia kumchukia.

"Basi tumuulize yeye kama amekubali kubadilishwa," alisema. "Zima kuta."

"Haziwezi kuzimwa. Idhini ni yangu peke yangu, nami sitoi."

"Zinaweza," alisema Bi Onodera.

Wote wawili wakageuka. Mwanamke yule alikuwa amekwenda kwenye nguzo ya katikati, ambako palikuwa na mkono mwekundu wa chuma ndani ya kisanduku cha kioo. Shule yoyote ya nchi ile ilikuwa na kitu cha namna hiyo. Tetemeko la ardhi likija, ukuta uliosimama ni hatari, hivyo sheria ilitaka kuta zote zilale mara moja na zisiamke mpaka mkuu wa shule aruhusu.

"Jaribio la tetemeko lilipangwa kesho," alisema Bi Onodera. "Nitalifanya leo."

"Onodera-san," alisema Kuramochi, polepole. "Fikiria cheo chako."

"Nimekifikiria miaka mitatu, Mwalimu. Nilikuwa nikiisikia ile sauti yangu ikiigizwa huko nyuma ya ukuta, nami nikijifanya hamnazo." Akafungua kisanduku, akavuta mkono chini.

Kuta zote zilizokuwa zimesimama zikalala kwa mpigo mmoja. Jengo zima likawa wazi, kutoka ubao wa kuandikia hadi dirisha la mwisho, jinsi lilivyochorwa mwanzoni kabla ya kanuni yoyote. Mwanga wa madirisha ya chini ulipita juu ya sakafu bila kizuizi. Lilikuwa ndilo jengo ambalo Sikudhani alilipenda kwenye karatasi akiwa na miaka ishirini na minne.

Watoto walitazama kidogo, wakamtazama mkuu wa shule, na kwa kuwa muziki wa usafi ulikuwa bado unalia, wakarudi kwenye matambara yao. Mstari wa ishirini uliinama. Ukaja mbio, nyayo zikipiga mbao, bega kwa bega.

Ukasimama kwenye ukanda uliofifia.

Hapakuwa na kitu pale. Matambara ishirini yaligusa mpaka mmoja, yakageuka, yakarudi. Ng'ambo, Sayo alisukuma tambara lake hatua saba, akafika mwisho wa mbao zake mbili, akageuka naye. Walirudia hivyo mara tatu, mstari mrefu na mtoto mmoja, na nafasi ya hatua moja kati yao ikibaki kavu.

"Waambie waendelee," alisema Kuramochi. Sauti yake ilikuwa ikikwaruza. "Hakuna ukuta. Waambie."

Bi Onodera alisimamisha muziki. Aliwaambia watoto kwamba kuta zimelala na hazitaamka leo, na kwamba wanaweza kusafisha sakafu yote. Watoto wakaitikia kwa pamoja kwamba wameelewa. Kisha akasema, kwa sauti isiyo imara, "Sayo, vuka. Nenda kwa wenzako."

Sayo alimtazama, akamtazama Sikudhani. Akasimama na tambara lake mkononi. Akaweka mguu mmoja kwenye ukanda, akaujaribu ubao, kisha akaweka wa pili. Alipofika katikati alivuta tumbo mbele, mikono nyuma, pua juu, akatembea hatua moja kwa kisigino. Ilikuwa igizo dogo sana, la kuomba.

Watoto waliokuwa mbele wakainuka. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemkunjia uso. Kwa heshima zote, kama watu wanaompisha mgeni mlangoni, wakarudi nyuma hatua moja, wote ishirini, na walipomaliza kurudi nafasi kati yao na Sayo ilikuwa upana ule ule.

Sayo alishusha pua. Aliinama, akafuta alama za nyayo alizokuwa ameacha kwenye ukanda, akirudi kinyumenyume hadi kwenye mbao zake.

Sikudhani alikuwa na hati ya shule kumi na mbili ndani ya mkoba, na aliishika kwa nje kama mtu anayeshika jipu.

"Rudisha kuta," alisema Kuramochi hatimaye. Hakuwa akimtazama mtu. "Onodera-san, nakuomba. Zirudishe."

Bi Onodera aliuacha mkono mwekundu ulipokuwa, chini.

"Za nini, Mwalimu?" aliuliza.